Kuwafundisha Wanafunzi Kutumia Maktaba na Kutafiti, Kuanzia Elimu ya Awali hadi Kidato cha Sita

Katika shule nyingi za Tanzania maktaba ni chumba kimoja chenye kufuli, au kabati lililo katika ofisi ya mwalimu mkuu, na kipindi cha maktaba kinapowekwa kwenye ratiba hugeuka kuwa saa ya kukaa kimya. Mwanafunzi humaliza darasa la saba akiwa amesoma vitabu vya kiada peke yake. Afikapo kidato cha tatu na kupewa kazi ya kutafuta taarifa mwenyewe, hunakili kurasa mbili za kitabu cha kwanza alichokipata na kuandika jina lake juu, nasi tunamwita mvivu. Kwa maoni yangu lawama hiyo inamwendea asiyestahili, kwa kuwa kazi yenyewe ndiyo iliyomtaka anakili: anayeambiwa "andika kuhusu kahawa" hana la kufanya ila kutafuta palipoandikwa kuhusu kahawa na kupahamishia katika daftari lake.

Mwongozo huu unamhusu mwalimu asiye na mkutubi, mwenye vitabu vichache na darasa kubwa. Umepangwa kwa madarasa ya Tanzania. Walimu wa Kenya na kwingineko wataweza kuulinganisha na ngazi zao. Jambo linalouongoza ni moja: stadi za maktaba hufundishwa kwa swali ambalo kitabu kimoja hakitoshi kulijibu, na ugumu wa swali hilo ndio unaopaswa kuongezeka kadiri mtoto anavyopanda madarasa.

Maandalizi ya shule

Anza na daftari la usajili wa vitabu, lenye namba ya kitabu, tarehe kilipopokelewa, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji na mwaka wa kuchapishwa. Kisha weka daftari la kuazimisha. Kazi hii inachosha, lakini bila ya daftari hizo mwalimu hataweza kuwafundisha watoto kutafuta kitabu ambacho yeye mwenyewe hajui kama kipo. Shule iliyo karibu na maktaba ya mkoa iitumie pia. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1963, ndiyo inayosimamia maktaba za umma pamoja na Maktaba Kuu ya Taifa iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967, na chuo cha ukutubi kilichopo Bagamoyo kiko chini yake. Mwalimu anayetaka kujifunza uainishaji wa vitabu ipasavyo aanzie huko.

La pili ni kukubaliana na walimu wa masomo. Kipindi cha maktaba kilichotengwa na masomo mengine hakizai matunda, kwa sababu mtoto hufundishwa namna ya kutafuta wakati hana anachokitafuta. Mwalimu wa jiografia akiwa anafundisha mvua na mazao, wiki hiyo hiyo ndiyo ya kufundisha matumizi ya atlasi.

Elimu ya awali hadi darasa la pili

Hapa mambo ni machache. Mtoto ajifunze kushika kitabu kwa mikono safi, kufungua ukurasa kwa pembe ya juu, kukirudisha kitabu mahali alipokitoa, na kujua kuwa kitabu kina mtu aliyekiandika na mwingine aliyekichora. Kila usomapo hadithi, taja jina la mwandishi kabla ya kuanza. Vitabu vya hadithi vikiwa haba, mradi wa African Storybook una hadithi nyingi za Kiswahili zinazopatikana bure mtandaoni, na zinaweza kuchapishwa kwa karatasi za kawaida.

Swali la kuzoesha mapema ni hili: "Umejuaje?" Mtoto akisema popo si ndege, muulize amejuaje. Jibu lake likiwa "bibi kaniambia", lipokee, kwa sababu naye ametaja chanzo chake, kisha muulize mahali pengine tunapoweza kuthibitisha.

Darasa la tatu na la nne: ndani ya kitabu na ndani ya kamusi

Sehemu za kitabu hufundishwa kwa haraka, nazo ni jalada, ukurasa wa hakimiliki, yaliyomo na faharasa, yaani orodha ya mada na kurasa zake iliyo mwishoni mwa kitabu. Gawa vitabu vya kiada vya sayansi, uliza mahali panapozungumziwa malaria, na mpe ushindi atakayetaja ukurasa bila kufunua kurasa moja moja. Baada ya vipindi vichache darasa zima litakuwa linakimbilia faharasa.

Kamusi inahitaji muda mrefu zaidi, nayo ndiyo sehemu ambayo miongozo iliyotungwa kwa lugha nyingine haitufai. Kamusi ya Kiswahili haimpi mtoto neno kama alivyolikuta katika sentensi. Akikutana na "walipikiwa" akalitafuta kwenye W, hatalipata. Inambidi avue kiambishi cha nafsi na cha wakati, kisha viambishi vya mnyambuliko, hadi afike kwenye "pika". Nomino huorodheshwa kwa umoja wake, kwa hiyo "nyuso" itafutwe kwenye "uso", "kuta" kwenye "ukuta", "meno" kwenye "jino", na "vyombo" kwenye "chombo". Vivumishi ndivyo vinavyowasumbua zaidi, kwa kuwa kidahizo chake, yaani neno linaloorodheshwa katika kamusi, huandikwa kwa kistari: "jekundu", "mwekundu" na "vyekundu" vyote viko kwenye E chini ya "-ekundu", na "jipya" iko kwenye P chini ya "-pya". Mtoto aliyeshindwa kupata neno mara tatu huamua kuwa kamusi haina faida, na si rahisi kumrudisha.

Kwa hiyo fundisha hatua moja kabla ya kamusi kufunguliwa. Chukua maneno kumi kutoka katika somo la ufahamu la siku hiyo, uyaandike ubaoni kama yalivyo katika kifungu, na kila jozi ya wanafunzi iandike pembeni umbo inalotarajia kulikuta kwenye kamusi. Jadilianeni, halafu ndipo mfungue. Waeleze pia kwamba katika maneno ya Kiswahili herufi C haisimami peke yake ila katika "ch", na kwamba Q na X hazina maneno ya kutafutwa. Kamusi zenyewe hutofautiana: nyingine huweka "pikia" na "pikwa" chini ya "pika", nyingine hukipa kila kitenzi kidahizo chake, na ni vyema watoto wafungue mbili tofauti wauone utofauti huo kwa macho yao. Zoezi hili, pamoja na kufundisha kamusi, ni sarufi tupu, na mwalimu wa Kiswahili atakushukuru.

Kwa kuwa nakala huwa chache, kaa na kundi moja kwenye kamusi huku makundi mengine yakifanya kazi nyingine, kisha mbadilishane. Kamusi moja kwa watoto watano inafundisha, lakini kwa watoto ishirini inafundisha kusukumana.

Darasa la tano hadi la saba: rafu, tarehe na swali

Sasa mtoto atoke kwenye kitabu aende kwenye rafu. Mfumo unaotumika katika maktaba zetu nyingi ni ule wa desimali uliochapishwa na Melvil Dewey, Mmarekani, mwaka 1876. Unagawa maarifa katika mafungu kumi: 000 maarifa ya jumla, 100 falsafa na saikolojia, 200 dini, 300 sayansi za jamii, 400 lugha, 500 sayansi, 600 teknolojia, 700 sanaa na michezo, 800 fasihi, 900 historia na jiografia. Kwa shule ya msingi mafungu haya kumi yanatosha, kila moja na rangi yake iliyobandikwa kwenye mgongo wa kitabu. Watoto wenyewe wapange. Wape rundo la vitabu visivyo na lebo na uwaache wabishane kama kitabu cha ufugaji wa kuku kikae pamoja na wanyama au pamoja na kilimo. Jibu la mfumo ni kwamba kuku kama kiumbe yuko 598 pamoja na ndege wengine, ila ufugaji wake ni 636, na ubishi huo ndio utakaowafanya wasisahau.

Shule yenye hadithi nyingi za Kiswahili itakumbana na tatizo, kwani fasihi yote ya Kiswahili imebanwa katika namba moja, 896.392, wakati fasihi ya Kiingereza imetengewa kumi nzima kuanzia 820. Hali ni hiyo hiyo kwa dini: Ukristo umeenea kuanzia 220 hadi 280, na Uislamu umewekwa katika 297, jambo ambalo shule za Zanzibar na za mwambao wote huligundua mapema rafu hiyo inapojaa. Usilazimishe. Hadithi za Kiswahili ziwekwe katika rafu yao, zikipangwa kwa herufi tatu za mwanzo za jina la mwisho la mwandishi. Hapo napo panahitaji maelezo, maana katika orodha ya mahudhurio watoto wamezoea kupangwa kwa jina la kwanza: Shaaban Robert watamtafuta kwenye S, ilhali katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba, imemweka kwenye R.

Katika umri huu fundisha pia kuutazama mwaka wa kuchapishwa. Hakuna mfano mzuri kuliko idadi ya mikoa ya Tanzania. Toa vitabu vitatu vya miaka tofauti na uulize mikoa iko mingapi. Kilichochapishwa miaka michache kabla ya 2012 kitasema 26, kilichofuata kitasema 30 baada ya kuundwa Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na cha baada ya 2016, Songwe ilipoongezwa, kitasema 31. Vitabu vyote vitatu vilikuwa sahihi vilipochapishwa. Fanya vivyo hivyo kwa idadi ya watu: sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 44.9, na ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Mtoto aliyefanya zoezi hili ataanza mwenyewe kufunua ukurasa wa hakimiliki.

Urefu wa Kilimanjaro unafundisha jambo jingine. Vitabu vingi vinasema mita 5,895, kipimo kilichotokana na upimaji wa 1952, na vingine vinasema 5,892, kilichopatikana kwa satelaiti mwaka 1999. Mlima haukupungua, kilichobadilika ni njia ya kupimia. Watoto waandike takwimu zote mbili pamoja na chanzo cha kila moja, na mwalimu azuie hamu ya kuwaambia ipi ndiyo yenyewe.

Baada ya hayo ndipo lije swali. Badala ya "andika kuhusu kahawa", uliza: "Kwa nini kahawa inalimwa Kagera na Kilimanjaro, lakini hailimwi Dodoma?" Sasa kunakili hakuwezekani, kwa sababu atahitaji ramani ya mvua, maelezo ya udongo na mwinuko, na kitabu cha kilimo kitakachomwambia kuwa Kagera inajulikana kwa robusta na Kilimanjaro kwa arabika. Jibu litatoka katika vyanzo vitatu, na ni yeye atakayeviunganisha. Maelezo yaandikwe kwenye kadi zilizokatwa kutoka katika maboksi makuukuu, kila kadi ikiwa na swali dogo juu, maelezo katikati kwa maneno ya mtoto mwenyewe, na jina la kitabu na ukurasa chini. Kadi iwe ndogo kwa makusudi, isiweze kubeba aya nzima.

Kidato cha kwanza na cha pili: daraja la lugha

Hapa ndipo wengi huanguka. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili na sekondari hufundisha kwa Kiingereza, na mwanafunzi aliyekuwa akieleza mambo vizuri akiwa darasa la saba hugeuka kuwa mnakili mwezi Februari wa kidato cha kwanza. Hanakili kwa udanganyifu. Ananakili kwa kuwa hana sentensi yake mwenyewe katika lugha anayotakiwa kuandikia.

Njia ninayoipendekeza ina hatua nne na haihitaji vifaa. Mwanafunzi anasoma aya moja ya Kiingereza akiwa na kamusi ya lugha mbili pembeni. Anafunga kitabu. Anamweleza jirani yake kwa Kiswahili alichokielewa, na jirani anauliza maswali hadi maelezo yanyooke. Kisha anaandika sentensi mbili au tatu za Kiingereza kitabu kikiwa bado kimefungwa, na kukifungua mwishoni tu ili kuhakikisha majina, miaka na takwimu. Sentensi zake zitakuwa na makosa ya sarufi, nayo yatarekebishwa baadaye. Katika kazi ya utafiti makosa hayo yapewe uzito mdogo. Shule yenye amri ya kuzungumza Kiingereza pekee iisimamishe amri hiyo wakati wa kipindi cha maktaba, kwa sababu mwanafunzi asiyeruhusiwa kufikiri kwa lugha anayoijua atarudi kunakili.

Kila mwanafunzi awe pia na daftari la istilahi lenye safu mbili. Anayeujua mkonge kwa jina hilo tu hatauona kwenye faharasa ya kitabu cha Kiingereza, hata kama sura nzima imeandikwa kuuhusu, na vivyo hivyo kwa kichocho, mmomonyoko au ubia. Kabla ya kazi yoyote, darasa liorodheshe maneno matano au sita ya kutafutia katika lugha zote mbili.

Kutaja vyanzo kupangwe kwa ngazi. Darasa la tatu linataja jina la kitabu. La tano linaongeza mwandishi na ukurasa. Kidato cha pili kinaandika orodha kamili ya marejeleo, yaani jina la mwisho la mwandishi, herufi za majina mengine, mwaka, jina la kitabu, mji na mchapishaji. Usianze na vituo na mabano. Aanze kwa kuelewa kwamba orodha hiyo ni ya kumwezesha msomaji kukifikia kitabu hicho hicho, na vituo vitafuata.

Kidato cha tatu na cha nne: vyanzo visivyokubaliana

Sasa mpe mwanafunzi suala ambalo wenye maarifa wenyewe wanalibishania. Mkonge unafaa sana. Uliletwa katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1893 na Richard Hindorf, ukastawi Tanga, na katika miaka ya 1960 uzalishaji ulipita tani 200,000 kwa mwaka kabla haujaporomoka. Kwa nini uliporomoka? Vyanzo vingine vinataja nyuzi za plastiki zilizoshusha bei katika soko la dunia. Vingine vinataja kutaifishwa kwa mashamba baada ya Azimio la Arusha la 1967. Mwanafunzi aandike kila chanzo kinasema nini, nani amekiandika, lini, na kwa ushahidi gani, kisha atoe msimamo wake. Akisema sababu zote mbili zilichangia, asiachiwe hapo. Aonyeshe ipi ilitangulia, kwa kulinganisha miaka ya bei kushuka na miaka ya uzalishaji kupungua.

Mahojiano na wazee yaingie katika ngazi hii. Tuna mfano mkubwa wa nyumbani: mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, na kumbukumbu zao zikawa chanzo muhimu cha historia hiyo. Mfundishe kijana kuomba ruhusa kabla ya kurekodi, kujitambulisha na kueleza kazi yake, kusikiliza bila kumkatiza mzee, kuandika tarehe na mahali, na kurudi kumsomea alichokiandika. Vijana wetu hufundishwa wasimbishie mkubwa, na heshima hiyo ibaki. Kulinganisha masimulizi ya wazee wawili kufanyike baadaye darasani, si mbele ya mzee.

Kuhusu intaneti, katika shule nyingi za bweni wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, hivyo kazi hufanyika kwenye chumba cha kompyuta au kwa kurasa ambazo mwalimu amezihifadhi. Vitabu vya kiada vinapatikana bure katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Fundisha kutafuta kwa maneno mahususi, kwani "sensa 2022 idadi ya watu Mwanza" huleta majibu yanayofaa zaidi kuliko "watu wa Mwanza", na kuuliza nani ameuweka ukurasa huo na ana mamlaka gani juu ya jambo hilo. Takwimu ya sensa itoke Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Wikipedia ya Kiswahili itumike kama mlango: mwanafunzi asome makala, kisha ashuke hadi kwenye marejeleo yake na kuyafuata.

Programu za akili unde (AI) nazo zimeshaingia, hata pale ambapo simu hupigwa marufuku. Huandika kwa ufasaha na zina desturi ya kutaja vitabu visivyokuwepo. Zoezi la kufaa ni kuchukua jibu moja la programu hizo, kugawia kila kundi madai mawili, na kulitaka likakitafute kitabu kilichotajwa kwenye rafu, kwenye katalogi au kwa mchapishaji.

Kidato cha tano na cha sita

Mwanafunzi wa ngazi hii aweze kuendesha utafiti mdogo mwenyewe: kuchagua mada, kuibana hadi iwe swali linalojibika katika muhula mmoja, kusoma yaliyotangulia kuandikwa, kukusanya data na kuandika ripoti. Kubana mada ndiko kugumu. "Uchafuzi wa mazingira Tanzania" haifai. "Taka za soko letu zinakwenda wapi kati ya Jumatatu na Jumapili" inafaa, kwani atahesabu mikokoteni, atawahoji wauzaji na kusoma sheria ndogo za halmashauri. Hojaji isizidi maswali kumi, na ijaribiwe kwa watu watatu kabla ya kuchapishwa. Wanaohojiwa wasitajwe majina. Shule iliyo Unguja inaweza kuwapeleka vijana Nyaraka za Taifa Zanzibar waone barua na rejista za zamani, na mwalimu aombe nafasi mapema kwa maandishi.

Kusahihisha

Ripoti nzuri isiyo na kadi isipate alama kamili. Gawa alama kwa hatua: swali, orodha ya vyanzo, kadi za maelezo, rasimu, na ripoti yenyewe, kila hatua ikikaguliwa kwa tarehe yake, hapo kazi iliyonunuliwa au kunakiliwa usiku mmoja inajitenga yenyewe. Kwa darasa la wanafunzi themanini huwezi kukagua kila kadi, kwa hiyo chagua majina kumi bila mpangilio kila wiki, na kila mmoja alete kitabu alichokitaja, akifungue kwenye ukurasa aliouandika, na akueleze kwa mdomo, kwa lugha aitakayo, alichokipata pale. Maswali ambayo vitabu vya shule vilishindwa kuyajibu yaandikwe katika daftari la maktaba, na orodha hiyo ndiyo ipelekwe kwa mkuu wa shule wakati wa kuagiza vitabu vipya.